Ng'ombe wa Ester, Unesi wa Jesca

Ester wa Susuni hakuwa na subira na wapumbavu, na kwa hesabu yake wapumbavu walikuwa wengi kuliko magugu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mpumbavu kwa sababu aliitisha mikutano ya kupanga mikutano. Mwinjilisti alikuwa mpumbavu kwa sababu alihubiri dhidi ya uvivu akiwa ameketi kwenye kiti. Shemeji yake Machage alikuwa mpumbavu wa kuzaliwa, na huyo Ester hakuona haja ya kumtafutia sababu.

Mumewe, marehemu Magabe, alimwachia shamba la kahawa na migomba, na mabinti watatu ambao waliolewa mbali mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa kiume hakumwachia. Kwa Wakurya hilo si jambo la kupuuza. Shamba lisilo na mrithi wa kiume hurudi kwenye ukoo, na ukoo katika habari hii maana yake ni Machage, ambaye shamba lake lilipakana na la Ester. Kila msimu mpaka ulisogea kidogo, ukielekea upande mmoja tu.

Kwa hiyo Ester alifanya kile ambacho wajane wa Tarime hufanya wanapobanwa. Alioa mke. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoita: mwanamke anatoa ng'ombe, anachukua mwanamke mwenzake kama mkamwana, na watoto watakaozaliwa na huyo wanakuwa wa nyumba ile na wanabeba jina la marehemu. Mwanamume wa kumzalisha mke huyo huchaguliwa, akishamaliza kazi yake hana madai yoyote. Ester alisema huo ndio utaratibu pekee wa ndoa uliowahi kumpa mwanamume kazi inayomfaa.

Mke mwenyewe alimpata Nyakunguru, kule kwenye uchimbaji. Aliitwa Jesca, ana miaka ishirini na mmoja, anafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi la mawe limempaka uso mzima, na mgongoni amembeba mtoto wa kike aitwaye Huruma. Baba wa Huruma alikuwa mchimbaji kutoka mkoa mwingine, aliyesikia kwamba dhahabu imetoka mahali pengine akaifuata bila kuaga. Baba wa Jesca, Kornelio, alikuwa mlevi mwenye heshima zake, yaani alilewa akiwa amevaa koti.

"Unajua nini?" Ester alimuuliza binti.

"Nimemaliza kidato cha nne, mama. Nilitaka kusomea unesi. Ila fizikia ilinishinda."

"Fizikia ndiyo nini?"

"Somo."

"Kwangu hakuna fizikia. Kuna kahawa na mbuzi. Ukinijibu vibaya nitakujibu vibaya zaidi."

"Nami nitakurudishia," alisema Jesca.

Ester alimpenda hapohapo. Ng'ombe wakaenda Nyakunguru, Jesca na Huruma wakaja Susuni, na Machage akapoteza usingizi.

Mambo yangeishia hapo, mtoto wa kiume angezaliwa na habari ingekwisha, kama Machage angejua kufunga mdomo. Lakini Machage alikuwa na mwanawe Elia, na Elia alikuwa "daktari". Nasema daktari kwa sababu ndivyo alivyoitwa. Ukweli ni kwamba Elia alihudhuria mafunzo mafupi ya kuuza dawa, akafungua duka Sirari karibu na mpaka wa Kenya, akanunua koti jeupe na kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo. Kipimo hicho alikiweka popote mgonjwa alipoonyesha. Ukisema goti linauma, alisikiliza goti.

Siku moja kwenye sherehe ya ukoo, pombe ilipokwisha kumkolea, Machage alisimama mbele ya watu. "Nyumba yangu imetoa daktari," alisema. "Nyumba ya shemeji yangu imetoa mke wa mke. Kila mtu na riziki yake."

Watu walicheka. Ester hakucheka wala hakujibu, na waliomfahamu wakaanza kukusanya viti vyao. Alitembea mpaka nyumbani, akamkuta Jesca anapepeta mtama.

"Ile fizikia yako," alisema. "Iko wapi?"

Ndivyo Jesca alivyoanza safari ya kuwa muuguzi: kwa hasira ya mtu mwingine. Wapo wanaoingia unesi kwa wito, na wapo wanaosema waliota ndoto wakiwa wadogo. Jesca alikuwa na ndoto yake, naam, lakini ndoto hiyo ingeozea kwenye karasha kama isingekuwa mdomo wa Machage.

Safari yenyewe ilikuwa hivi, na Ester aliidharau hatua kwa hatua. Ili upokelewe chuo cha uuguzi ni lazima kwenye kidato cha nne uwe umefaulu kemia, biolojia na fizikia, pamoja na somo jingine. Jesca alikuwa na mengine yote. Fizikia alipata F. Akajiandikisha kuirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akawa anasoma jikoni, mwiko mkono mmoja na kitabu mkono mwingine, anasoma kwa sauti habari za umeme katika nyumba ambayo nguzo za umeme zilipita mbali nayo.

"Na huo umeme wote," Ester aliuliza, "mama mjamzito anauhitaji wa nini?"

"Sijui, mama. Wao ndio wametaka."

"Wapumbavu," alisema Ester, na akambeba Huruma ili asimvuruge mama yake.

Matokeo yalitoka, fizikia ikawa D. Ester alitembea kijiji kizima akiitangaza. Machage akamsimamisha njiani, akahesabu kwa vidole: A, B, C, D. "Shemeji, hiyo si ya nne?"

"Ya nne ndiyo. Elia alipata ya ngapi?"

Machage akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kunywesha. Siku chache baadaye Elia mwenyewe alikuja kwa pikipiki, koti jeupe limekunjwa vizuri mbele yake, akazungumza kile Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka alichokiokota dukani.

"Shikamoo mama mkubwa. Mbona unajichosha hivi? Huyu msichana mlete kwangu Sirari. Miezi mitatu tu atakuwa amejua sindano zote. Mimi niko na wagonjwa wengi, hata wa Kenya wanakuja."

"Wewe ulisoma wapi?"

"Nilifanya kozi."

"Kozi ya nini?"

"Kozi tu, mama mkubwa. Si unajua hizi kozi."

"Sizijui," alisema Ester. "Ila wagonjwa wako wa Kenya nawajua. Wanakuja kwako kwa sababu kwao wangekukamata."

Jesca akaomba chuo kwa mtandao, kwenye duka la steshenari Tarime mjini, ambako kijana wa kompyuta alimwita "dada" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akachaguliwa chuo kimoja upande wa Mwanza. Ester akabaki na Huruma, kahawa, na maneno ya watu. Maneno hayo yalikuwa na mantiki, nikiri. Mtu ametoa ng'ombe ili apate mjukuu wa kiume, halafu anampeleka mke huyohuyo mahali ambako mwanafunzi akipata mimba anaahirishiwa masomo. Wanawake kisimani walisema Ester amenunua jembe akalitundika ukutani. Ester aliwajibu kwamba wao wamenunuliwa na kutumika, na hakuna anayewasifu kwa lolote. Baada ya hapo alichota maji bila kupanga foleni.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha Jesca alikuja likizo. Ester aliwaita majirani waje waone muuguzi.

"Haya, umejifunza nini?"

"Kutandika kitanda mgonjwa akiwa amelala juu yake."

Majirani walitazamana. Ester alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Mwaka mzima?"

"Na kupima mapigo ya moyo, na joto, na muundo wa mwili. Mama, hatugusi sindano mpaka tujue tunamchoma nini mtu."

"Elia alichoma wiki ya kwanza!" akasema jirani mmoja.

"Ndiyo," alisema Jesca. "Na nasikia yule mzee wa Nyamwaga mpaka leo anavuta mguu."

Likizo nzima Jesca alimtandikia kitanda akiwa juu yake, akimgeuza ubavu huu na ule, naye Ester alilalamika mwanzo mpaka mwisho. Ilipofika siku ya kuondoka alisema, bila kumtazama, kwamba hakuwahi kulalia shuka lisilo na mikunjo.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha ndipo Machage alipoona mlango. Alikuwa ameulizia, na alichoambiwa kilikuwa kweli: anayemaliza miaka miwili anapata cheti, anaweza kuandikishwa na Baraza la wauguzi na akafanya kazi. Wa mwaka wa tatu ndiye anayetoka na stashahada na kusajiliwa, ndiye anayekabidhiwa wadi na kuwaongoza wengine. Machage akaitisha kikao cha ukoo. Jesca naye akaitwa, akaja na begi lake la chuo.

"Hatukatai elimu," alianza Machage, kama wanavyoanza wote wanaoikataa. "Cheti anacho, au atakipata. Kinatosha. Atapata kazi hapahapa zahanati. Sasa arudi azae mtoto wa kiume, nyumba ya kaka yangu isimame. Asipozaa, ng'ombe wadaiwe kwa baba yake, aende zake, na shamba lijulikane ni la nani."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Haikuwa hoja ya kijinga, na hilo ndilo lililomuudhi Ester kuliko yote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Machage alikuwa amesema jambo lenye kichwa na miguu.

Ester alimtazama Jesca. Alijua anachotaka kusikia, na hakukisikia.

"Mama," alisema Jesca, "naweza kuishia na cheti. Nitazaa kwanza. Huo mwaka wa tatu nitaurudia baadaye, Mungu akipenda. Umenitendea mengi. Sitaki nyumba yako ife kwa sababu yangu."

Wazee wakapumua. Mmoja akasema huyo ndiye mwanamke mwenye adabu. Machage akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoharibu kila kitu.

"Adabu," alisema Ester. "Mnaita hiyo adabu. Mimi naiita ujinga, na niliudhani umebaki Nyakunguru." Akasimama. "Mnasema sikuzaa mwanamume. Nilizaa. Baada ya binti wa tatu nilizaa mwanamume, alitanguliza miguu. Magabe alijua. Wewe Machage ulijua pia, na umekaa kimya miaka yote kwa sababu kimya kilikufaa. Pale nilipojifungulia alikuwepo mtu mmoja tu amevaa nguo nyeupe. Alikuwa na kozi. Alijua mtoto akitanguliza kichwa. Ya miguu alikuwa hajafika. Alisimama pale akaniangalia, akaniambia nisukume, nikasukuma, mpaka mtoto akaishia njiani."

Machage alitazama ardhi.

"Sasa mnaniambia nusu inatosha. Mimi nilipewa nusu, nikaizika nyuma ya migomba."

Haikuwa haki kwa wauguzi wa cheti, ambao hufundishwa kuzalisha na huzalisha kila siku. Jesca alitaka kulisema hilo akaona si wakati wake. Ester hakuwa anatafuta haki. Alikuwa anatafuta kitu cha kuvunja, na alikipata.

"Ng'ombe wangu nimewasamehe," alisema. "Kornelio asidaiwe hata ndama. Kuanzia leo Jesca si mke wa nyumba yangu wala ya mtu yeyote, kwa hiyo hapa hakuna mwenye kikao juu ya tumbo lake. Arudi chuo amalize."

"Ester," alisema mzee wa ukoo kwa sauti ya upole, "unaiua nyumba yako."

"Nyumba ni yangu. Nikitaka msaada wa kuiua nitawaita."

Wote walielewa maana yake. Siku Ester atakapofumba macho, mpaka wa shamba utaacha kusogea polepole, utaruka. Machage alipata kila alichokitaka, akatoka kwenye kikao kile bila mtu wa kumpongeza. Jesca alilia, Ester akamwambia machozi ayapeleke Mwanza, huenda yanatolewa mtihani. Asubuhi alimfungia mahindi ya kuchoma kwenye khanga, akamkabidhi na Huruma, kwa kuwa mtoto naye hakuwa tena wa nyumba ile. Alipobaki peke yake alikaa jikoni akatukana vyungu kimoja kimoja. Aliumia, na hakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelizoea.

Mwaka wa tatu ulipita. Jesca akala kiapo na wenzake, akafaulu mitihani ya chuo, akapiga simu.

"Kwa hiyo sasa wewe ni nesi," alisema Ester.

"Bado, mama. Kuna mtihani wa Baraza ndipo nisajiliwe na nipewe leseni."

"Mtihani mwingine? Hao watu wana wivu."

Akaufaulu. Ester akauliza kama sasa ni nesi. Ndiyo, sasa amesajiliwa, lakini ajira bado, inabidi kusubiri serikali itangaze, na kwa sasa anajitolea kituo cha afya bila mshahara. Hapo Ester alizima simu ili asimtukane mtu asiyehusika. Serikali inamfundisha mtu miaka mitatu kuokoa watoto, halafu inamwambia akae pembeni asubiri, huku kina Elia wakisikiliza magoti ya watu Sirari! Hata hivyo Elia hakusikiliza sana. Wakaguzi walipita dukani kwake, wakaomba kuona usajili wake, naye akawaomba wasubiri kidogo aulete, akapitia mlango wa nyuma akavuka mpaka. Machage alieleza watu kwamba mwanawe amehamishiwa nje ya nchi.

Ajira ilipotoka, Jesca akapangiwa wilaya ya Serengeti, upande wa Issenye. Alikuja Susuni mara moja na sare yake, wakakaa, wakagombana juu ya chumvi, akaondoka. Halafu zikaja simu tu, kisha simu zikawa za Jumapili, kisha za Jumapili baadhi. Ester hakumlaumu kwa sauti. Alimwacha huru mwenyewe, mbele ya mashahidi. Ila hakutegemea kwamba mtu aliyeachiwa angekwenda kweli. Hilo hakumwambia mtu, na alijiona mpumbavu kwa kulifikiri.

Baadaye habari ikafika kwamba Jesca ameolewa huko Issenye na mwalimu wa sekondari aitwaye Osward, mtu wa Kagera. Na baada ya mwaka mmoja na ushee, bodaboda ikasimama mbele ya uwanja wa Ester, akashuka Jesca na Huruma aliyekwisha kuwa mrefu, na kitu kimefungwa kwenye blanketi.

Ester alikuwa anatoka kupalilia. Machage naye, ambaye siku hizi alikuwa na kawaida ya kutembea mpakani akiangalia angani, akasogea kuona.

"Shikamoo mama," alisema Jesca.

"Marahaba. Ni nini hicho?"

"Wa kiume, mama. Alitanguliza makalio. Wenzangu walimtoa vizuri, yuko salama."

Machage alicheka kile kicheko chake cha puani. "Wa kiume! Shemeji, unaona? Huyu angekuwa mtoto wa Magabe. Angerithi hapa tuliposimama. Sasa ni Mhaya! Mama yake ulimtoa bure, na ng'ombe juu."

Ester alimtazama mtoto, kipaji cha uso kipana, ngumi imefungwa, na ilimuuma kiasi cha kutaka kukaa chini palepale kwenye vumbi. Alikuwa amemtaka mtoto huyu kwa miaka mingi. Alikuwa amemlipia. Na hapa alikuwa hai, mzima, ana jina la watu wengine, na nyumba ya Magabe itakwisha naye Ester bila kubadilika chochote.

Akanyoosha mikono amchukue. Jesca akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, umetoka shambani. Nawa kwanza. Kwa sabuni."

Machage alisubiri moto uwake, kwa maana hakuna mtu Susuni aliyewahi kumwamuru Ester akabaki na heshima yake. Huruma naye aliinama akajifanya anafunga kiatu. Ester aliwatazama wote. Kisha akaenda kwenye ndoo, akachukua kipande cha sabuni, akanawa viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko, taratibu. Akarudi ameinua mikono inayodondosha maji.

"Hivi?" aliuliza.

"Hivyo hivyo, mama," alisema Jesca, akampa mtoto.